Chupa Mbili za Sampuli

Barua ya kukataliwa ilikuwa na aya tatu, na aya ya pili ndiyo iliyovunja nyumba yangu. Ilisema kwamba sampuli tuliyoituma ilikutwa imechanganywa na mafuta mabichi, yaani mafuta yasiyopikwa, kwa kiasi kisichoweza kuwa bahati mbaya. Nimeisoma aya hiyo mara nyingi mno, na mpaka leo naweza kuisema yote nimefumba macho, pamoja na koma zake.

Mimi na mume wangu tulikuwa tunatengeneza dizeli kutokana na mbegu za mbono. Tulikuwa na banda la mabati Nzuguni, enzi hizo Nzuguni ni mashamba na vichaka, na viwanja vichache vilivyopimwa ambavyo wenyewe hawajui watavijenga lini. Wote wawili tulikuwa watoto wa ubinafsishaji, kama tulivyojiita tukiwa na nafasi ya kucheka. Yeye alikuwa fundi wa injini katika shirika la umma la usafirishaji, likauzwa. Mimi nilikuwa msaidizi wa maabara katika kiwanda cha mafuta ya kula, nacho kikauzwa, na aliyekinunua akakigeuza kuwa ghala. Mume wangu alitoka kazini na sanduku la spana. Mimi nilitoka na koti jeupe na ujuzi wa kupima mafuta, ambao mjini Dodoma hakuna aliyeuhitaji.

Baada ya hapo alizunguka vijijini akitengeneza mashine za kusaga. Soko lilikuwa huria, na kila mwenye pipa na mpira wa kunyonyea alikuwa muuza dizeli. Wakawa wanaichanganya na mafuta ya taa. Mashine zilikufa moja baada ya nyingine, na wanawake wakarudi kutwanga kwa mchi kama bibi zao. Mume wangu alikuwa anarudi nyumbani na pampu za injini zilizokwaruzwa, anaziweka mezani karibu na ugali na kunionyesha mikwaruzo kwa kucha. Alikasirika kama mtu aliyetukaniwa mzazi. Ndipo nikamwambia kwamba mafuta ya mbono yakipikwa vizuri yanaendesha injini ya dizeli, na kwamba kupika nitaweza.

Mbegu hazikuwa shida. Mbono kwetu ni uzio, na ni mti wa makaburini. Mbuzi hali majani yake, na ukipandwa umepandwa. Tulinunua debe kwa debe kutoka vijiji vya Bahi mpaka Mtumba, ambayo wakati huo ilikuwa kijiji tu. Wazee walikubali kuuza za uzio, ila za makaburini walisita. Mmoja alituuliza kama tuna uhakika wenyewe walioko chini hawatatudai. Mume wangu akamjibu kwamba wakidai watapewa lifti. Mzee alicheka, akatupa ruhusa.

Kazi yenyewe si ngumu kueleza. Unakamua mbegu, unachuja mafuta. Unayapasha moto, unatia spiriti kali iliyoyeyushiwa kostiki, ile ya watengeneza sabuni. Unakoroga, unayaacha yatulie. Chini inabaki gliserini nzito kama asali iliyoungua, juu yanaelea mafuta mepesi ya rangi ya chai. Hayo mepesi unayaosha kwa maji mara tatu au nne, unayakausha, basi. Ukivivia hatua yoyote, injini itakusema. Mimi nilipima, yeye aliosha. Kulikuwa na wanawake wawili wa jirani waliokuja kukamua. Kwa mwaka mmoja na zaidi banda lile lilinukia vizuri, harufu kama ya karanga na sabuni, na mimi nikaamini kuwa tumevuka.

Kisha mashine moja ya kusaga ikafa upande wa Bahi, na mwenye nayo akasema ni mafuta yetu. Haikuwa kweli. Mume wangu alifungua tangi akakuta linanuka mafuta ya taa, na sisi hatukuwa na hata kibatari bandani. Lakini habari ilikuwa imeshatangulia. Wateja wakapungua. Mume wangu alikuwa na msemo wake, chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Miaka ile ilikuwa kinyume chake. Kibaya kilijiuza barabarani mchana kweupe, na chetu chema ndicho kilichotembezwa kijiji hadi kijiji na kurudishwa.

Tuliyekuwa tunamtegemea ni mtu mmoja mwenye mitambo ya kuchimba visima. Alikuwa na kazi ya miaka miwili katika wilaya zetu, na mitambo yake ilikunywa dizeli kuliko mashine zote za kusaga tulizozijua. Alitusikiliza kwa adabu, akanusa mafuta yetu, akasugua tone kati ya vidole. Kisha akasema, "Mama, mimi nawaamini. Lakini mtambo ukifa porini, siwezi kumwambia aliyenipa kazi kwamba niliamini. Nileteeni cheti."

Cheti kilikuwepo. Chama cha watengenezaji wa mafuta ya mimea, chenye ofisi Dar es Salaam, kilikuwa kimeanzisha utaratibu wake wa ubora. Ulikuwa wa hiari. Hakuna sheria iliyokulazimisha, hakuna askari aliyekuja kufunga banda lako ukikosa. Unajiandikisha kwa mapenzi yako, unaandika daftari la kila mapishi kwa miezi mitatu, unachukua sampuli mwenyewe, unaituma. Kila kitu kilisimama juu ya uaminifu wako. Nilipenda sana jambo hilo. Nilimwambia mume wangu kwamba hatimaye tumepata watu wanaotuchukulia kama watu wazima.

Yeye alinijibu bila kuniangalia. "Kaka yangu ameniita tena machimboni. Nimemwambia asubiri majibu ya cheti. Kikitoka, nitakaa. Kisipotoka, naenda."

Nilijua maana ya kwenda. Katika mtaa wetu wanaume wanne walikuwa wamekwenda kwenye dhahabu huko Kanda ya Ziwa, na aliyerudi ni mmoja, amelazwa nyuma ya gari la mizigo. Wengine walikuwa hai, ila walikuwa na wake wengine. Sikulia mbele yake, kwa kuwa mimi huwa najifanya jiwe. Lakini kuanzia siku hiyo kila nilichopima bandani, nilimpima yeye. Asidi ikiwa chini, nasema atakaa. Maji yakionekana kwenye mafuta, nasema atakwenda. Sikuwa nataka utajiri. Nilitaka mume wangu abaki nyumbani.

Miezi mitatu tuliandika. Tuliandika tarehe, uzito wa mbegu, joto, nani aliosha na mara ngapi. Mume wangu, ambaye tangu shule alikuwa adui wa kalamu, aliandika kwa herufi kubwa kama anapaka kibao cha duka. Kisha chama kikatutumia kwa basi chupa mbili za rangi ya kahawia zilizofungwa kwenye pamba, pamoja na karatasi mbili za lakiri za kubandika kwenye vifuniko. Masharti yalikuwa ukurasa mmoja. Jaza mpaka begani tu, usifike shingoni, maana mafuta hutanuka kwa joto. Ziache wazi kivulini kwa muda wa saa mbili ili maji, kama yapo, yajitenge. Kisha funga, bandika lakiri, na wote wawili mliochukua sampuli mtie saini juu yake. Chupa moja itumwe. Ya pili ibaki kwenu, iwe shahidi kukitokea ubishi.

Siku ya kuchukua sampuli mapishi yalikuwa madogo. Mbegu za msimu zilikuwa zinaisha, na pipa lilitoa pungufu kuliko tulivyozoea. Tulijaza chupa mbili mpaka begani. Yaliyobaki mume wangu aliyatia kwenye galoni, akasema yatakwenda kwa mwenye mashine ya Bahi ili ajaribu tena na aone aibu. Tukaziacha chupa wazi juu ya meza ya banda, tukazifunika kitambaa. Nilisaini zile karatasi za lakiri mapema, kabla hazijabandikwa, kwa sababu nilitaka kwenda kwa seremala kuchukua kasha na maranda ya mbao ya kuzipakia. Huo ulikuwa ukiukaji wa masharti, nami ndiye niliyeyasoma kwa sauti. Nilijiambia ni saini tu.

Mama yangu akaja asubuhi hiyo. Alitoka kijijini kwetu, mbele ya Bahi, na kuku wawili na kibuyu chake. Aliposikia kwamba mafuta ya binti yake yanapelekwa Dar es Salaam kwa wakubwa, alisema hawezi kukosa kuyaaga.

Hapa lazima nieleze jambo la kwetu. Mume na mama mkwe wake hawakai pamoja. Hawaketi chumba kimoja, hawapeani mikono, hawatazamani usoni. Si ugomvi, ni heshima kubwa kuliko zote. Wakitaka kusemezana, maneno hupitia kwa mtu wa tatu, hata kama wanasikiana vizuri. Mume wangu, ingawa aliishi mjini na alikuwa Mkristo wa kila Jumapili, aliishika heshima hiyo bila kulegea. Mama alipoingia bandani kunisalimu, yeye alitokea mlango wa nyuma na kwenda kukaa chini ya kivuli cha tangi la maji. Mimi nilimwonyesha mama chupa, nikampa kigoda, nikamwambia asubiri nirudi kwa seremala tukanywe chai.

"Mama, nitachelewa kidogo," nilisema.

"Nenda mwanangu, mimi nipo na mafuta yako," akasema.

Nilipitisha kama nusu saa. Niliporudi nikamchukua mama ndani ya nyumba, nikampikia chai. Mume wangu naye, alipoona njia nyeupe, akaingia bandani, akafunga chupa, akabandika lakiri, akasaini, akazizungushia gazeti. Mimi nilipokwenda kupakia nilizikuta zimeshavaa. Moja nikaitia kwenye kasha, nyingine tukaiweka juu ya rafu. Mchana kasha lilikuwa kwenye basi.

Majibu yalichukua wiki tano. Sitaki kuzielezea wiki zile. Mume wangu alipaka rangi mlango wa banda mara mbili.

Barua ilipokuja tuliisoma tumesimama, na wale wanawake wawili wa kukamua walikuwa pale pale na mbegu mapajani. Mafuta mabichi. Kiasi kisichoweza kuwa bahati mbaya. Aya ya tatu ilisema tuna siku thelathini za kuandika maelezo ya chanzo, na maelezo yakikubaliwa tutaruhusiwa kutuma sampuli nyingine. Tusipoandika, mlango umefungwa kwa mwaka mzima.

Nilishusha chupa ya shahidi kutoka kwenye rafu, nikachana gazeti. Ilikuwa imejaa mpaka mdomoni. Sio begani. Mdomoni, kiasi kwamba nilipofungua kifuniko yalinimwagikia vidoleni. Nilimimina kidogo kwenye glasi na maji, nikatikisa. Mafuta yetu yalikuwa na tabia ya kujitenga na maji upesi na kubaki safi. Haya yalifanya uji. Yalikuwa mazito kati ya vidole.

"Chupa hii imejaa," nikasema.

"Nilizikuta hivyo," akasema mume wangu. "Nilidhani umeongeza wewe."

"Mimi? Niongeze wakati ndiye niliyesoma masharti?"

"Basi sijui."

Na mimi hapo hapo nikajua. Yaani nilidhani nimejua, na mimi nikidhani huwa najua kabisa. Mapishi yalikuwa madogo. Yeye alikuwa anataka galoni la kumwaibisha yule wa Bahi. Ndoo ya mafuta ya mbono mabichi ilikuwa hatua mbili kutoka mezani. Ni nani mwingine aliyekuwa na chupa zile? Nani aliyezifunga? Akilini mwangu nilimwona akipunguza kwenye chupa kujaza galoni, kisha akifidia kwa mafuta ya ndoo, akijiambia kwamba wa Dar hawatagundua. Sikukumbuka hata mara moja kwamba mama alikuwepo. Mama hakuwa mtu wa kukumbukwa katika hesabu ya namna hiyo. Alikuwa mama.

Miaka yote ile tuliyokuwa tukiwalaani watu wa mapipa ya barabarani, halafu kikulacho ki nguoni mwako. Nilimwambia, mbele ya wale wanawake, kwa sauti waliyoisikia hata waliokuwa kisimani, "Kumbe na wewe ni mghushi. Huna tofauti na wao. Wewe ndiye mwizi wa cheti chetu."

Alinitazama kidogo, kisha akaenda kunawa mikono kwa sabuni ya gliserini yetu wenyewe, taratibu, mpaka kwenye viwiko. Mmoja wa wanawake wale akasema, "Mama, hasira hasara," na mimi nikamwambia akamue mbegu.

Siku mbili zilizofuata tuliishi kama wapangaji. Alikula, akanishukuru kwa chakula. Mara kadhaa alikuja akasimama karibu nami bila kusema kitu, mimi nikajifanya nina kazi. Siku ya tatu alichukua begi la nguo na kwenda kituo cha mabasi. Hakuchukua spana zake. Nilijiambia kwamba mtu asiye na hatia angebaki ajitetee.

Maelezo sikuyaandika. Ningeandika nini? Kwamba mume wangu alighushi? Nilikaa na karatasi nyeupe mezani siku nyingi, kalamu juu yake, na kila nikianza najikuta naandika jina la ofisi ya chama na tarehe, nakomea hapo. Siku thelathini zikaisha. Mwenye mitambo ya visima alipita mwenyewe, kwa uungwana wake, akaniambia wamepata dizeli kwingine. Nikamshukuru, nikamkaribisha chai, akakataa.

Baada ya hapo nilivunjika. Nasema hivyo kwa sababu sina neno lingine. Niliwaaga wale wanawake wawili. Mbegu zilizobaki ziliota ukungu kwenye magunia, na upepo wa Dodoma, ambao haumhurumii mtu, ulilitikisa banda mchana kutwa, bati kwa bati. Niliacha kuchana nywele. Nililala mchana. Jumapili nilikwenda ibadani nikakaa benchi la nyuma na kutoka kabla ya baraka, nisije nikaulizwa mzee yuko wapi. Ng'ombe wa maskini hazai, nilijisemea, na akizaa huzaa dume. Nilimchukia mume wangu na kumngoja kwa pamoja. Mlango ukigongwa nakimbilia, nikikuta ni mtoto wa jirani ametumwa chumvi, nampa chumvi na kwenda kujilaza tena.

Mama alirudi baada ya mavuno. Miguu ilikuwa imemvimba, nilitakiwa kumpeleka hospitali. Nilimtandikia kitanda changu, nikampashia maji ya kukanda. Akanyoosha miguu kwenye beseni, akashusha pumzi, akauliza kama anayeuliza hali ya mvua.

"Na wale wakubwa wa Dar, walisemaje? Chupa zilifika zimejaa?"

Mikono yangu ilikuwa ndani ya maji, juu ya kifundo cha mguu wake. Niliiacha hapo.

"Zimejaa vipi, mama?"

"Si nilizijaza. Wewe ulikuwa umezitia nusunusu, ukakimbilia kwa seremala. Nikasema, ehee, huyu mtoto mjini amesahau. Chombo kinatoka kwetu kwenda kwa watu kikiwa pungufu? Watauliza, binti wa nani huyu mchoyo?"

"Ulizijaza na nini?"

"Nyonyo yangu. Nilikuwa nayo kwenye kibuyu, nilikuletea ujipake. Si ya dukani, hiyo nilichemsha kwa mkono wangu mwenyewe. Nikajaza zote mbili, maana nilisema hizi ni pacha, pacha hulishi mmoja ukaacha mwingine." Akacheka kidogo. "Ilibaki kidogo tu chini. Na wewe hukupata."

Mafuta ya nyonyo ni mazito kuliko mafuta yote ninayoyajua. Mtu aliyetaka kuiua sampuli yetu kwa makusudi asingechagua vizuri zaidi. Na mama alikuwa ametoa yaliyo bora kuliko yote aliyokuwa nayo, yale ya kupaka bibi harusi, akayamimina kwa mkono usiotetemeka mpaka mdomoni mwa chupa, ili mimi nisidharauliwe.

Nilitaka kupiga kelele. Nilifungua mdomo. Alikuwa ananitazama kama anayengoja kusifiwa, miguu imevimba ndani ya beseni, na nikaufunga. Niliendelea kumkanda. Machozi yalidondokea kwenye maji, na kwa kuwa yalikuwa maji, hakuona. Nililia kwa sababu nilikuwa nimemwita mume wangu mwizi mbele za watu, na alikuwa amekaa chini ya tangi la maji, mgongo kwetu, kwa heshima ya mama huyu huyu. Hata kama alishuku baadaye, na naamini alishuku, hakuwa na mdomo wa kumtaja. Heshima ile ile iliyomtoa bandani ndiyo iliyomnyima shahidi.

Nilimtumia ujumbe kupitia kwa utingo wa basi la Singida aliyemfahamu kaka yake. Niliandika maneno machache: njoo, nina la kukwambia, si la barua. Ilipita wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mama alikuwa bado kwangu, anaendelea na dawa. Nikakata tamaa, nikaanza kuzoea kukata tamaa, ndipo asubuhi moja nikasikia mlango wa banda unafunguliwa.

Alikuwa amekonda na amekuwa mweusi zaidi. Alikuwa ameinama juu ya sanduku lake la spana, anazipanga. Alisema amekuja kuchukua vifaa, gari linaondoka saa nne.

Nikamwambia. Sikuzungusha. "Hukuwa wewe. Ni mama. Alijaza kwa nyonyo yake, zote mbili, ulipokuwa nje. Nilikusingizia. Nisamehe."

Alikaa juu ya pipa tupu. Akawa anageuza spana moja mkononi, namba kumi na tatu, naikumbuka.

"Umemwambia kilichotokea?" aliuliza.

"Bado. Nilitaka kumwambia leo, mbele yako, kwa mbali, ili ujue kwamba..."

"Usimwambie."

"Lakini amekuharibia..."

"Yeye hajaniharibia kitu. Yeye alijaza chupa." Aliiweka spana mahali pake. "Usimwambie. Hilo litamwua."

Nikapiga magoti kwenye vumbi la banda, mimi niliyejifanya jiwe, nikamshika magoti. Nikamwambia abaki, tutaandika upya, mwaka utapita, tutapika tena. Nilisema mengi. Aliniinua kwa viwiko, bila hasira yoyote, na hilo ndilo lililonitisha, maana hasira ningeijua pa kuishika.

"Siku zile mbili nilikusubiri uniulize," akasema. "Nilikuja nikasimama. Ungeniuliza tu, 'Ni wewe?' Ningekwambia si mimi, na ungeamini au usingeamini. Hukuuliza."

Nilikung'uta vumbi la banda kwenye magoti yangu.

Sauti yake mama aliisikia kutoka ndani. Alijikokota mpaka dirishani, akasimama nyuma ya pazia kama inavyopasa, na kuniita mimi, kwa sauti ya kutosha kusikika na mwingine.

"Mwanangu, huyo si baba wa nyumba amerudi? Mwulize, zile chupa zetu zilifika salama? Wewe nikikuuliza hunijibu sawasawa."

Mume wangu alikuwa ameshanyanyua sanduku. Aliligeuzia dirisha mgongo, akaniangalia mimi, kama inavyopasa.

"Mwambie mama zilifika zimejaa," akasema. "Mwambie watu walishukuru sana."

Nami ndiye niliyekuwa mtu wa tatu. Ilinibidi niyabebe. Niligeukia pazia, nikasema, "Mama, anasema zilifika zimejaa. Anasema watu walishukuru sana."

"Nilijua!" mama akasema. "Mwambie Mungu ambariki. Mwambie asikae huko siku nyingi."

Nikageuka kumwambia. Alikuwa ameshafika barabarani, sanduku begani, anapungia gari mkono.